Mwaka wa Jamhuri ya Thagana

Tulipomzika Gathogo mwezi uliopita, kijijini kwao karibu na Othaya, nilimwona Jigna amesimama nyuma ya hema, mbali na viti, amejifunika shali ya kijivu na viatu vyake vimejaa udongo mwekundu. Hatukuwa tumeonana tangu tukiwa wasichana. Alikuwa ametoka Nanyuki, ambako ana duka la pampu na mabomba ya maji. Kumbe kwa miaka mingi alikuwa safari fupi tu kutoka Karatina ninakofundisha Kiswahili. Tulipeana mikono kwanza, kama wageni, kisha tukakumbatiana. Mhubiri alikuwa akimsifu marehemu kwamba alikuwa mtu mkimya, mpole, asiyependa mabishano. Jigna aliniangalia. "Hakuwa mkimya," alisema kwa sauti ya chini. "Hapana," nikamjibu. "Alinyamaza baadaye." Hatukusema mengi kuliko hayo. Tulikunywa chai ya matanga tukiwa tumesimama, akaondoka kabla mvua haijaanza. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikiurudia mwaka mmoja kichwani, kama mtu anayepapasa jino bovu kwa ulimi: mwaka tuliokuwa na nchi yetu wenyewe, isiyo na ardhi hata shubiri moja, na jinsi nchi hiyo ilivyoanza kututisha.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nangoja kuitwa chuoni. Gathogo, aliyenizidi umri kidogo, alikuwa akisimamia saiba, duka la intaneti, mjini Nyeri, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la baba yake Jigna, ambaye jengo lenyewe lilikuwa lake. Alinichukua nimsaidie kuwapigia watu chapa barua za kuomba kazi. Chumba kilikuwa kirefu na baridi. Kompyuta zilipangwa ukutani, kila moja imetengwa na nyingine kwa kipande cha mbao nyembamba, hivyo mtu akishaketi ulibaki kumjua kwa viatu na sauti. Dirisha la mwisho lilitazama mlimani, lakini siku nyingi mlima haukuwapo. Kulikuwa na wingu tu la rangi ya majivu lililokaa juu ya mabati ya mji. Kutoka chini ilipanda harufu ya rangi ya mafuta na ya misumari mipya, na mchana harufu ya dengu kutoka jikoni kwao nyuma ya duka. Mama yake Jigna alitutumia chapati zimefungwa kwenye kitambaa, pamoja na bakuli la achari ya maembe ambayo Gathogo aliiogopa mwanzoni, kisha akawa hali githeri, mahindi na maharagwe yake ya kila siku, bila hiyo. Nikifikiria mambo yaliyofuata, bado inanishangaza kwamba tulikuwa tunakula chakula cha watu hao kila siku.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Kwenye mtandao kulikuwa na ulimwengu wa nchi za kubuni. Mchezaji alifungua nchi yake, akaipa jina, bendera, sheria na historia. Wengine wakiipenda walijiunga nayo kama raia, wakapewa vyeo, wakajadiliana kwa maandishi katika ukurasa tuliouita baraza, wakapiga kura. Nchi zilifanya mikataba na kupigana vita, vyote kwa maneno. Gathogo alikuwa akiucheza peke yake tangu zamani, wakati wateja wakiwa wachache. Siku moja aliniita niangalie. Mtu fulani wa ng'ambo alikuwa amefungua nchi aliyoiita ya Kiafrika. Rais wake alivaa ngozi ya chui na aliwala mawaziri wake. Wananchi hawakuwa na majina. Lugha yao ilikuwa herufi zilizorundikwa tu zipate kusikika kama ngoma.

"Ona hii kitu," Gathogo alisema. "Ati hii ndiyo sisi."

Jigna alikuwa ameleta chapati. Alisoma akiwa amesimama nyuma yetu, bakuli mkononi. "Si muandike yenu," alisema. "Mnangoja nini?"

"Tuandike nini?"

"Vile watu huishi. Hata mvua tu. Hapa kila mvua iko na jina yake, na huyo mtu hana hata jina ya mto."

Ndivyo Jamhuri ya Thagana ilivyozaliwa, kwa jina la mto unaoteremka kutoka mlimani. Jigna alichora ramani na bendera. Gathogo akawa rais. Mimi nilipewa wizara ya sheria, na jina la kuchezea la Kihoto, yaani haki. Hakuna mtu nje ya chumba kile aliyejua kwamba Kihoto ni mimi. Jigna akawa waziri wa utamaduni, na hakuna aliyeona ajabu, ingawa familia yao ni ya Kihindi. Alizaliwa Nyeri kama mimi, na Kigĩkũyũ chake kilikuwa kisafi kuliko changu, maana mimi shule ya bweni ilikuwa imenipokonya nusu ya maneno. Kalenda ya Thagana haikuwa na Januari wala Februari. Ilikuwa na mvua ndefu ya njahĩ, na gathano ya baridi na ukungu, na mvua fupi ya mwere ya mwisho wa mwaka, na themithũ, jua kali linalopasua udongo. Mchezaji mmoja wa Lusaka alituandikia kwamba aliposoma kalenda yetu alimpigia nyanya yake simu kumuuliza ya kwao. Gathogo aliusoma ujumbe huo kwa sauti mara nyingi siku ile, hata wateja wakacheka.

Maneno mengi ya Thagana yalitoka kwa Cũcũ, nyanya yangu, aliyeishi Tetu. Jumamosi tulipanda kwake, mimi na Jigna, mara nyingine na Gathogo. Jiko lake lilikuwa la mbao, nyeusi ndani kwa moshi, na ukikaa pale saa moja nywele zako zilinuka moto wiki nzima. Alitupa nduma na chai ya maziwa mengi, kisha akaongea huku akichambua maharagwe, bila kututazama. Jina la Jigna lilimshinda. Alimwita Njigĩna kwa muda, halafu siku moja, alipoona msichana huyo hamalizi kuuliza na hachoki kuandika, akasema, "Huyu ni Nyawĩra," yaani mtu wa kazi. Kuanzia hapo alimwita hivyo tu, na akinipigia simu aliuliza kwanza kama Nyawĩra anakuja.

Ni katika jiko hilo alitueleza jinsi watu wa zamani walivyofukuza ugonjwa. Alisimuliwa na mama yake. Maradhi yakianza kupita nyumba hadi nyumba, siku ilitangazwa, na watu wote wa kilima walitoka na fimbo. Walipiga vichaka, wakapiga kuta, wakapiga hata kivuli chini ya ghala, wakiteremka pamoja mpaka mtoni, na huko wakazitupa fimbo majini. Walisema maneno mamoja njia nzima: Mũrimũ, thiĩ na rũũĩ. Ugonjwa, nenda na mto. Cũcũ aliyasema polepole, bila kupaza sauti, na nakumbuka Jigna aliacha kuandika akamtazama. Gathogo alisema hilo ndilo jambo zuri kuliko yote aliyowahi kusikia. Jumatatu yake lilikuwa tayari limo katika historia ya Thagana, na raia walilipenda sana. Wakaanza kufungia barua zao kwa maneno hayo, kama salamu.

Kufikia mvua ya mwere raia walikuwa wengi. Walikuwa wa Kagio, wa Murang'a, wa Nairobi, na wengine walioishi ng'ambo na kulilia nyumbani. Mwaka huo pia ulikuwa wa kampeni. Magari yenye vipaza sauti yalizunguka mjini toka asubuhi, na watu waliokuja saiba walizungumza nyuma ya zile mbao kana kwamba mbao zilikuwa kuta za mawe. Siku moja nilikuwa nimeinama chini ya meza nikichomeka waya nikasikia sauti mbili. Moja iliuliza, "Na hii jengo ni ya nani?" Nyingine ikajibu, "Kwa sasa ni ya huyo mhindi." Wakacheka kidogo, si kicheko cha utani. Nilikaa pale chini mpaka viatu vyao vikaondoka. Sikuwatambua. Nilimweleza Gathogo, naye akasema watu huongea ovyo kipindi cha siasa, lakini hakunitazama, macho yake yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta, akimjibu mtu.

Mtu huyo alijiita Njamba, yaani shujaa. Hatukujua ni nani wala alikaa wapi. Aliingia Thagana akiwa mnyenyekevu, akasifu kila kitu, akamwita Gathogo Mtukufu. Aliandika vizuri; hilo lazima niseme. Kisha akaanza kuuliza maswali. Je, utamaduni huu ni wa nani? Je, kila apitaye anaweza kuuchukua? Katika muda mfupi akawa makamu wa rais, na Gathogo akampa funguo zote za nchi, yaani maneno yote ya siri, kwa vile wateja walikuwa wengi na yeye hakuwa na nafasi. Sauti ya Gathogo mwenyewe ilianza kubadilika. Alianza kusema "watu wetu" kwa namna ambayo hakuwa akisema. Achari aliiacha. Kitambaa cha chapati kilipofika alisema ameshiba, na alisema hivyo kila siku, mpaka mama yake Jigna akaacha kutuma.

Mwishowe Njamba alileta sheria ya uraia. Kila raia angetaja ukoo wa Kigĩkũyũ wa baba yake na wa mama yake, na asiyeweza angeondoka. Mimi nikiwa waziri wa sheria niliipinga. Niliandika barazani, na nikamwambia Gathogo ana kwa ana, tukiwa tumesimama mlangoni, kwamba sheria hiyo ina mtu mmoja tu inayemtafuta, na mtu huyo ndiye aliyeichora bendera.

"Tukifungulia kila mtu mlango," alisema, "hii itakuwa kama ile nchi ya chui. Wataandika vile wanataka."

"Jigna aliandika vile Cũcũ alisema."

"Wairimu, usifanye ikuwe kubwa. Ni mchezo."

Kura ilipigwa. Wengi waliounga mkono walikuwa majina mapya niliyokuwa sijawahi kuyaona, na yote yalifungia barua kwa maneno yale yale: Mũrimũ, thiĩ na rũũĩ. Yalipangwa hivyo, moja chini ya jingine, ukurasa baada ya ukurasa. Kwa mara ya kwanza hayakuwa yanasemwa kwa ugonjwa.

Jigna alipanda ngazi adhuhuri hiyo, akaketi kwenye kompyuta ya karibu na dirisha, akajaribu kuingia. Nilikuwa nimemtafuta tangu asubuhi nimwambie mwenyewe, lakini alikuwa ametumwa Karatina na baba yake. Alisoma kwa muda mrefu. Saiba ilikuwa imejaa, na Gathogo alikuwa mezani pake, hatua chache tu kutoka kwake, akijifanya anahesabu karatasi za kuchapia.

"Gathogo," Jigna alisema bila kugeuka, "nimetolewa."

"Ilikuwa kura. Mimi si mtu wa kukataa kura."

"Imeandikwa mimi ni ugonjwa."

"Hiyo ni namna ya kuongea tu. Ni mchezo, Jigna."

"Kama ni mchezo," alisema, "si unirudishe."

Gathogo alianza kuhesabu karatasi zake upya. Wateja wote walikuwa wamenyamaza nyuma ya mbao zao; hakukuwa na sauti ya kidole hata kimoja. Jigna alingoja, na najua alingoja kwa kweli, kwa kuwa alimpenda Gathogo kama kaka yake. Kisha akainuka, akasukuma kiti chini ya meza kwa adabu, akateremka.

Siku chache baadaye nilikuta watu wamesimama mbele ya duka asubuhi. Mlango wa bati haukuwa umefunguliwa. Juu yake, kwa lami, kwa herufi kubwa zilizokuwa bado zikitiririka, yalikuwa maneno ya Cũcũ. Baba Jigna alikuwa amesimama katikati ya watu, amevaa sweta yake ya kahawia, funguo mkononi. Alinisogelea. Kigĩkũyũ alikijua; alikuwa amekiongea dukani maisha yake yote.

"Wairimu, mama," aliniambia, "nasoma, naona ni ugonjwa uende na mto. Ugonjwa gani? Iko ugonjwa mjini?"

Watu waliotuzunguka wengi hawakuelewa pia. Walidhani ni mlevi, au ni mambo ya kanisa fulani. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko lami yenyewe. Maneno hayo hayakuwa yakijulikana mjini. Aliyeyaandika alikuwa ameyatoa kwetu. Jigna alitoka kwa mlango wa upande na ndoo ya mafuta ya taa na matambara, nikachukua tambara moja, tukasugua. Gathogo alifika tukiwa katikati ya kazi. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Si mimi," alisema. "Naapa, Jigna, si mimi niliandika."

"Najua si wewe," Jigna alisema, akiendelea kusugua. "Hii ni mtu amesoma yako."

Lami ilitoka, lakini kivuli chake kilibaki kwenye bati, na jua likipiga uliweza kusoma bado.

Gathogo alipanda juu mbio akajaribu kuifuta ile sheria. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Aliandika barazani kwamba Thagana imepotea njia, kwamba maneno yametumika vibaya huku nje, kwamba Jigna arudishwe leo. Jibu la Njamba lilikuja haraka, kwa upole uleule. Alimwomba Mtukufu, kwa heshima zote, ataje ukoo wa mama yake. Mama yake Gathogo alizaliwa Kitui, kwa Wakamba. Alikuwa ameolewa Othaya, akazaa huko, akalima huko, lakini alizaliwa Kitui, na mimi nilijua, na sijui Njamba alijuaje. Kufikia jioni kura ilikuwa imekwisha, na rais wa Thagana alikuwa akiitazama nchi yake kutoka nje, kama mtu yeyote. Alikaa pale mikono imelala juu ya vibonye.

Juma hilo hilo mwanamume mmoja aliyevaa viatu vipya vya ngozi alikuja saiba mchana, akalipa, akakaa kwenye kompyuta ya mwisho. Hakufanya lolote nililoliona. Alitazama dirishani, akatazama chumba, akatazama ngazi inayoshuka dukani. Alipomaliza alikuja mezani kwangu kurudisha kalamu aliyoazima. Alikuwa na tabasamu la mtu mwenye elimu.

"Asante, Kihoto," alisema, akateremka.

Sikupata kumwona tena. Huenda alikuwa Njamba, huenda alikuwa mtu aliyetumwa na Njamba. Miaka yote hii nimekuwa nikiutafuta uso ule katika mikutano, katika harusi, kwenye magazeti. Kwenye mazishi ya Gathogo pia niliutafuta. Jioni ya siku aliyokuja mtu yule nilimweleza Baba Jigna, mbele ya Jigna na mama yake, na nikawaambia yote kuhusu mchezo, kwani nilihisi wana haki ya kujua maneno yale yametoka wapi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza swali moja tu: kama watu hao wa kwenye kompyuta ni wengi. Nilisema sijui ni wengi au ni mtu mmoja mwenye majina mengi. Akatikisa kichwa. "Wengi, mmoja, yote ni sawa," alisema. Kabla ya siku ya uchaguzi lori lilisimama mbele ya duka, mchana kweupe, likapakiwa magodoro, masufuria, mashine ya kushonea. Majirani walikuja kuwaaga, wengine wakilia, na wengine walisimama ng'ambo ya barabara wakiliangalia jengo. Jigna alinishika mkono kupitia dirisha la lori. "Umwambie Cũcũ," alisema, akakosa la kumalizia. Walikwenda kwa ndugu zao Nakuru. Duka halikuchomwa, hakuna aliyepigwa. Lilifungwa tu, na mwaka uliofuata likafunguliwa na watu wengine.

Nilipanda Tetu peke yangu. Nilidhani Cũcũ amesikia, kumbe hakuwa amesikia, ikabidi nimsimulie toka mwanzo, nikieleza kompyuta ni kama nini, na nchi isiyo na udongo ni kama nini. Alikuwa akikamua ng'ombe. Hakuacha kukamua.

"Walitaka kumfukuza nani?" aliuliza.

"Jigna. Nyawĩra."

"Kwa yale maneno?"

"Ndiyo, Cũcũ."

Alikamua mpaka ndoo ikajaa. Kisha alisema kwamba katika siku ile ya fimbo kila aliyelala kilimani usiku wa kuamkia alipewa fimbo, hata mgeni aliyepita tu, na mgonjwa mwenyewe, kama aliweza kusimama, ndiye aliyetangulia. Hakukuwa na mtu aliyebaki wa kufukuzwa. "Hiyo sikuwaambia," alisema. "Nilidhani mtu yeyote angejua." Aliinua ndoo akaingia ndani.

Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, mwenye afya na akili timamu. Nilikwenda kwake kila likizo. Alinieleza habari za ng'ombe, za bei ya kabichi, za paa la kanisa, za jirani aliyehamisha mpaka. Aliniombea kabla ya mitihani. Lakini nikiuliza la zamani, hata dogo, alisema amesahau, na alisema kwa utulivu kabisa, bila hasira, huku mikono yake ikifanya kazi. Gathogo aliifunga saiba akaenda kufundisha kompyuta katika chuo fulani, na sikuwahi kumsikia tena akitaja utamaduni wa mtu yeyote. Thagana iliendelea bila sisi kwa muda. Mara moja niliichungulia nikakuta bendera ya Jigna imebadilishwa, na baadaye ukurasa wote ukawa haupo.

Mara ya mwisho nilipomkuta Cũcũ akiwa na nguvu zake, alikuwa amekaa mlangoni akimenya viazi vitamu kwa ajili ya chakula cha mchana, vingine vyeupe ndani, vingine vya manjano, vingine na mishipa ya zambarau. Nilijua kila aina ina jina lake. Nilikuwa nimewasikia wanawake wa rika lake wakiyataja shambani nikiwa mdogo, na mimi nimeyasahau yote. Nilichukua kimoja chenye mishipa, kilichomenywa nusu, nikakipangusa udongo, nikamuuliza hiki kinaitwaje.

Alikitazama mkononi mwangu kwa muda.

"Hiki?" alisema. "Ni kiazi tu."